Waliofutwa kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Ninaandika shajara hii ili siku nitakapoketi mbele ya jopo la usaili kuomba ajira ya kudumu, niwe na ushahidi wa maandishi kwamba nilifanya kazi kwa nidhamu tangu asubuhi ya kwanza. Mkataba wangu ni wa msimu mmoja tu: ukarani wa daftari la wapigakura, kuanzia leo hadi daftari litakapofungwa tarehe kumi na moja Aprili. Shahada ninayo. Kinachokosekana ni uzoefu, na neno jema la Msimamizi.

Ofisi ilikuwa ghala. Kuna meza tatu, dirisha moja la wavu tunalohudumia watu kupitia kwake, na nje baraza refu lenye ukuta wa matangazo. Meza yangu imebanwa kati ya ukuta na kabati la chuma, kiasi kwamba siwezi kutoka bila karani mwenzangu kunyanyuka. Yeye huitwa Mzee wa Mihuri kwa kuwa ndiye pekee mwenye ufunguo wa droo ya mihuri.

"Karibu, Msomi," alinilaki. "Hapa kuna njia moja ya kutoka, nayo inapita mgongoni mwangu. Ukitaka kwenda haja, omba mapema."

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja, tumetega ndoo.

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi ameniita mezani kwake na kunikabidhi rejista ya hukumu iliyoletwa kutoka mahakamani, kitabu kipana chenye kumbukumbu za miaka saba. Alinieleza sheria kwa ufupi: aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita hapigi kura mpaka miaka saba ipite. Kazi yangu ni kuwatafuta watu hao daftarini na kuwaondoa.

"Aliyekutangulia alitumia siku nane," alisema. "Hebu nione wewe."

Nilimjibu kwamba atastaajabu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku tatu! Ninaeleza mbinu yangu hapa kwa kuwa huenda ikanifaa siku ya usaili. Rejista ina safu sita. Nilipima nikaona nne hazina kazi, nikachapa mbili tu: namba ya kitambulisho na adhabu. Kompyuta ikazilinganisha na daftari, ikatoa majina yenyewe. Watu mia na arobaini, kurasa saba. Nikatia saini kila ukurasa.

Msimamizi alisema mbele ya wote, "Huyu ndiye mtu ninayemtaka hapa daima."

Mzee wa Mihuri alipokuwa akigonga mihuri yake saba aliniinamia. "Umeyasoma majina?"

"Mashine haihitaji kusomewa, mzee."

"Haihitaji, kweli. Lakini pia haina shangazi."

Sikuelewa alikusudia nini. Nadhani ni wivu wa mtu wa kalamu na karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Orodha imebandikwa barazani chini ya kichwa WALIOFUTWA. Mwenye pingamizi ana muda hadi tarehe nne Aprili. Ni mara ya kwanza saini yangu kuwekwa hadharani. Nimeipiga picha.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi, basi nitafuata mpangilio wa saa.

Saa nne mvua ilishuka kama imemwagwa, na kila aliyekuwa barabarani akakimbilia baraza letu. Watu wakikaa barazani bila shughuli husoma kilicho ukutani. Nikasikia kicheko, kisha sauti ya mshona mapazia, ambaye karakana yake inapakana na ya mjomba wangu.

"Jamani! Namba sabini na tatu si Fundi Makochi huyu?"

"Wapi?"

"Hapa kwenye kidole changu. Jina lote hili hapa, mpaka la babu yake."

"Kumbe miaka yote tunakalia makochi ya mhalifu!"

"Ndiyo maana ukikaa hutoki."

Walicheka hadi wengine wakakohoa. Nilimwomba Mzee wa Mihuri anipishe. Alinyanyuka, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nilijua kwamba alikuwa amelisoma jina hilo tangu Ijumaa.

Namba sabini na tatu ni mjomba wangu. Majina yake matatu, mwaka wake wa kuzaliwa, na shubiri moja chini yake, saini yangu.

Mjomba ni kaka yake Mama. Tangu baba alipofariki tumeishi naye ua mmoja, na kila karo niliyolipiwa ilitoka kwenye makochi aliyoyawamba kwa mikono yake. Jioni nilimkuta karakanani amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo imebanwa midomoni. Aliponiona alianza kuitoa mmoja mmoja na kuipanga juu ya paja. Mama alikuwa mlangoni na sahani zake.

"Mjomba, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Kwamba ulihukumiwa."

Alimtazama Mama. Mama akasema, "Maji ya kuoga yako tayari."

"Muache, dada. Ameshakuwa mtu mzima." Akanigeukia. "Miaka mitatu iliyopita. Nilinunua ngozi kwa dereva wa lori. Kumbe ngozi yenyewe imeibwa. Ulikuwa na mitihani."

"Mkanificha."

"Ungefanya nini, mpwa wangu? Ungeacha karatasi mezani uje kunitazama nimesimama kizimbani?"

Niliingia ndani. Kwa kuwa shajara hii niliianza kwa ahadi ya ukweli, naandika pia hili: jambo la kwanza nililolifikiria kitandani halikuwa Mjomba. Lilikuwa jopo, na iwapo wataniuliza kuhusu familia yangu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hatukusemeshana.

Ijumaa, 14 Machi

Wateja wawili wamekuja kuchukua viti vyao kabla havijakamilika. Mmoja alidai anasafiri. Kiti chenyewe kikavuka barabara na kuingia karakana ya pili. Kamati ya mafundi nayo imemwomba Mjomba "apumzike kidogo" uenyekiti. Baraza la mji linataka kubomoa safu yote ya karakana, na diwani atakayechaguliwa ndiye atakayeamua. Mjomba ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake wajiandikishe wote, hata yule fundi wa redio anayesema siasa humpa kiungulia. Sasa yeye mwenyewe hana kura.

Wakati wa chakula alisema, bila kuinua macho, "Mkia ule wa herufi ya mwisho ya saini naujua."

Nikamweleza kwamba nilifuata sheria.

"Sijasema hukufuata. Nasema naujua mkia."

Jumatatu, 17 Machi

Ndoo imejaa mara mbili. Nimeambiwa barua ya mapendekezo inaandaliwa.

Jumanne, 18 Machi

Wiki nzima nimekuwa nikimpita Mjomba uani kama mtu ninayemdai heshima yangu. Leo Mama amenikomesha. Alikuwa akipiga pasi shati langu la kazini.

"Usimtazame hivyo kaka yangu. Amefanya nini kinachokushinda kumsalimia?"

"Mama, adhabu niliichapa mwenyewe: alifungwa mwaka mzima, na mimi nikiwa shuleni sikuambiwa neno."

"Nani alifungwa?" Akaisimamisha pasi. "Nani kakwambia? Hakulala gerezani hata usiku mmoja. Hakimu alisema mwaka mmoja au faini. Saa sita niliuza cherehani yangu, saa nane nikarudi naye hapa, akala, akalala. Siku ya pili akawa kazini."

"Au faini?"

"Au faini. Nikuandikie?"

Cherehani ile nilipoiulizia zamani, nilijibiwa kwamba binamu ameiazima. Nami nikaamini, kwa sababu niliporudi likizo meza yake ilikuwa imewekwa maua.

Jumatano, 19 Machi

Nimefika ofisini kabla ya watu na kuifungua rejista kabatini. Safu ya tano: Adhabu. "Kifungo, miezi kumi na miwili." Safu ya sita: Maelezo. "Au faini. Imelipwa."

Safu ya sita ni miongoni mwa zile nne nilizoziona hazina kazi.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tarehe tano: nikaisoma sheria yenyewe. Kifungu ni mstari mmoja na nusu. Mstari ni ule alionieleza Msimamizi. Nusu inasema, "bila hiari ya faini."

Nikapitia rejista yote kwa kidole. Watu hamsini na wanane kati ya mia na arobaini hawakustahili kufutwa. Wapo waliolipa siku ile ile. Wengi makosa yao ni kuuza bidhaa bila leseni au kugombana kisimani. Nimewafuta mimi, kwa mbinu yangu.

Mzee wa Mihuri aliingia akanikuta nimeinamia kitabu. Aliweka mwavuli wake kwenye ndoo, akaketi, akasema, "Sasa umesoma."

Alhamisi, 20 Machi

Nilimweleza Msimamizi yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia angefoka. Angefoka, ingekuwa afadhali.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa upole.

"Mimi na wewe, bosi." Sikumtaja Mzee wa Mihuri.

"Orodha imekwenda makao makuu. Nikiandika leo kwamba hamsini na wanane ni makosa, wataniuliza nani alichapa, na nani alipitisha bila kukagua. Umenielewa? Tumo humo wawili." Akaivuta karatasi ya mapendekezo iliyokuwa mezani, akainyoosha kona iliyokunjika. "Hii ni barua yako. Daftari likifungwa bila pingamizi lililokubaliwa, inapanda juu siku hiyo hiyo."

"Na watu wenyewe?"

"Wana fomu ya pingamizi. Sheria haijawafungia mlango." Akaongeza, "Nasikia namba sabini na tatu ni mtu wako. Jina moja naweza kulirudisha kwa mkono wangu. Kosa la uchapaji. Moja halimshtui mtu."

Mkataba unanikataza kugusa jalada la ndugu. Sikuligusa. Nilitikisa kichwa kukubali, yeye akaandika.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimpa Mjomba kadi yake ya mpigakura uani. Aliifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. Akauliza kama ni halali. Nikamwambia ni kosa la uchapaji lililosahihishwa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama zamani, akanitikisa.

"Msomi wangu! Nilimwambia mama yako, mpe muda, ataona mwenyewe."

Alikwenda karakanani akiimba. Sikulala vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imekatika. Joto.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imerudi, na pamoja nayo Mjomba. Saa tatu na nusu nilimwona barazani amefungua mwavuli mkubwa, na chini yake watu sita wamebanana. Amevaa koti lake la harusini. Alikuwa akiwapanga foleni kwa furaha kama mtu anayekaribisha wageni nyumbani kwake.

Wa kwanza dirishani alikuwa mama muuza mkaa. Ncha za vidole vyake nyeusi zilishika wavu.

"Shikamoo si yangu kukupa, wewe mdogo kwangu," alisema, "lakini leo ningekupa. Fundi ametuambia mtu akishaongea na wewe mambo yanaisha."

"Marahaba mapema basi, mama!" mshona mapazia alidakia kutoka nyuma, maana naye alikuja kuangalia. Watu wakacheka.

Namba yake ni ishirini na sita. Kuuza mkaa bila kibali, miezi tisa au faini, imelipwa. Niliijua safu yake ya sita kwa moyo.

"Utajaza fomu ya pingamizi, mama," nilimwambia, "na utaambatisha nakala ya hukumu."

"Nakala iko wapi?"

"Inatolewa mahakamani."

"Nimetoka huko jana. Wamesema kitabu kiko kwenu."

Kitabu kilikuwa kabatini, nyuma ya kisogo changu. Chuma cha kabati kilikuwa kikinigusa bega. Nilimtazama Msimamizi, alikuwa amesimama na kikombe mkononi, ananitazama.

"Rejista haitolewi kwa umma," nilisema.

"Kwa hiyo niende wapi?"

"Mahakamani."

"Mwanangu, unanizungusha au unanichezea?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa akitaka kujua. "Mahakamani wananileta hapa, hapa mnanipeleka mahakamani. Na Fundi je? Fundi alileta nakala gani?"

Mzee wa Mihuri aliacha kuandika. Nje, mwavuli ulisogea, na uso wa Mjomba ukaja dirishani juu ya bega la yule mama. Tabasamu lilikuwa bado lipo, halijajua liende wapi.

"Mjibu, mpwa wangu. Mwambie nilileta nakala gani."

"Mjomba, tutazungumza nyumbani."

"Hapa ndipo nilipofutwa, nyumbani tutazungumza nini? Nilileta nakala?"

"Hapana."

"Nilijaza fomu?"

"Hapana."

"Sasa kadi hii imetoka wapi?"

Msimamizi alipaza sauti kwamba muda wa huduma umesitishwa kwa sababu ya mvua, na mlinzi akafunga dirisha. Nilikaa pale nikisikiliza. Hawakupiga kelele. Nilimsikia mama muuza mkaa akisema, "Twende, Fundi, utalowa," na Mjomba akisema, "Subirini kwanza, nisimame kidogo."

Jioni aliniuliza maswali, nami nikamjibu yote: safu mbili, safu sita, hamsini na wanane, barua mezani kwa Msimamizi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba siku ile kizimbani aliona aibu kwa sababu watu walimwona mwizi na yeye hakuiba. "Leo," akasema, "nilisimama mbele ya wale watu na kitu cha wizi mfukoni, na safari hii nilikuwa nakionyesha."

Mama alilia. Mimi sikuweza.

Ijumaa, 28 Machi

Mjomba ameondoka asubuhi bila chai. Karakana imefungwa.

Jumatatu, 31 Machi

Karakana bado imefungwa. Mama anasema anapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Nilimwuliza karatasi gani, akasema, "Muulize mwenyewe, mna mdomo wote wawili."

Nilikuwa nikimwona Mjomba kuwa mtu aliyenificha siri. Kisha nikamwona mtu niliyemwokoa. Kumbe muda wote huo yeye alikuwa akiniona karani tu, tena karani mzuri, na ndicho kinachouma.

Jumanne, 1 Aprili

Msimamizi amenionyesha barua. Ina maneno "makini" na "mwaminifu" katika sentensi moja. Amebakiza kutia saini. Alipokuwa akiirudisha kwenye bahasha alisema, "Siku kumi tu, Msomi. Kaa kimya siku kumi."

Jumatano, 2 Aprili

Siku tisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa tano asubuhi Mjomba alikuja dirishani. Hakuvaa koti, alivaa aproni ya kazi yenye gundi. Nyuma yake alisimama mama muuza mkaa na wengine ambao sikuwahesabu. Alipitisha karatasi chini ya wavu.

"Nimeleta hati ya wito, Karani."

"Mjomba..."

"Mjomba yuko nyumbani. Aliyesimama hapa ni mlalamikaji wa kwanza. Wenzangu wako hamsini na saba. Wengine wamesaini kwa dole gumba, lakini wamesaini."

Niliisoma. Hakimu amekubali kusikiliza pingamizi zote kwa pamoja. Rejista imeagizwa irudishwe mahakamani, na aliyeichapa orodha ameitwa kutoa ushahidi kwa kiapo. Kilichotajwa mwanzo kabisa katika hoja zao ni kadi ya Mjomba mwenyewe: kwamba ilirudishwa kinyume cha utaratibu, na kwamba ameisalimisha kwa karani wa mahakama kama kielelezo.

"Umewapa kadi?" niliuliza. "Tukishindwa, utabaki umefutwa. Hata ile uliyokuwa nayo huna."

"Umesema 'tukishindwa'," alisema. "Wewe uko upande gani hasa?"

"Fundi, usimbane mtoto," mama muuza mkaa alimwambia.

"Simbani. Alikwishabanwa kabla sijafika." Akainamia wavu, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika alizungumza kwa sauti ya nyumbani. "Sikulazimishi, mpwa wangu. Ningekuwa nakulazimisha ningekuja na mama yako. Wataniuliza mimi kidogo tu. Wewe watakuuliza ulichapa safu ngapi. Hilo hakuna mwingine anayeweza kulijibu."

Nyuma yangu Msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie aiache kwa mlinzi. Usipoisaini hujaitwa." Aliweka bahasha mezani kwangu, juu ya kibodi, taratibu, nembo ikiwa juu. Saini ilikuwa imekwisha kutiwa.

Mzee wa Mihuri alikuwa akitafuta kitu drooni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipokipata alikisogeza hadi kwenye mkono wangu. Ulikuwa muhuri wa IMEPOKELEWA.

"Wino umekauka kidogo," alisema. "Gonga kwa nguvu."

Niligonga. Nikatia saini, ile ile yenye mkia. Nakala moja nikampa Mjomba, akaikunja mara mbili bila kuitazama, akawaambia wenzake, "Haya, tuwapishe wengine wahudumiwe." Bahasha niliirudisha mezani kwa Msimamizi. Hakuipokea wala hakuisukuma. Hadi nilipotoka saa kumi ilikuwa bado pale ulipoiacha mkono wangu.

Nikiulizwa nilichapa safu ngapi, nitajibu mbili. Baada ya jibu hilo sina mkataba, sina barua, na Mjomba huenda asiwe na kura. Au wote hamsini na wanane wakawa nayo, na mimi nikawa nje nikiwatazama wakipanga foleni. Nimejaribu tangu jioni kupata jibu jingine lenye ukweli ndani yake, sijalipata.

Mama ameshapiga pasi shati. Tumeitwa Jumatatu, tarehe saba Aprili, saa tatu kamili asubuhi, chumba namba nne.